Nani Kasema Upande wa Pili Uko Tayari?

"Chifu, geji imepanda."

"Geuza, upande wa pili si upo?"

Mazungumzo ya namna hii husikika katika vyumba vya mitambo, kuanzia vituo vya umeme wa dizeli hadi viwanda vya saruji, na kwa kawaida hayamalizi hata nusu dakika. Kijana wa zamu anakwenda kwenye filta pacha ya oili, anashika mpini, anauzungusha, geji inashuka, kazi imekwisha. Nyuma ya jibu hilo fupi kuna imani nzima: kwamba mtambo wenye makasha mawili ya filta una ulinzi maradufu, kwamba kasha lililopumzika ni akiba iliyo tayari saa yoyote, na kwamba kuhudumia filta ni kazi ya saidia fundi mwenye spana na ndoo. Imani hiyo hurithishwa kutoka kwa fundi mkuu hadi kwa mwanagenzi, na imeingia hata kwenye bajeti.

Haina msingi. Kasha la pili haliwi akiba kwa sababu tu limeungwa kwenye bomba. Linakuwa akiba pale mtu anapoweza kuonyesha kwamba limejaa oili, halina hewa ndani, joto lake linafaa, elementi ya kuchujia iliyomo ndiyo inayotakiwa, na vali inayolitenga na kasha la jirani haivuji. Hayo ni mambo matano. Fundi akiulizwa yote kwa mpigo, ni nadra ayajibu bila kubahatisha.

Haki itendeke kwanza kwa upande wa pili wa ubishi, kwa sababu wana jambo walilolipatia. Mtambo mkubwa hausimamishwi ovyo. Turbaini moja ya mvuke pale Olkaria II, karibu na Naivasha, hutoa megawati 35. Kuizima ili kubadilisha elementi ya filta ni kuitaka gridi ya taifa itafute megawati hizo kwingine. Tanuri la saruji likisimama, matofali yanayolikinga kwa ndani hupoa na kupasuka, na kulipasha moto upya si kazi ya saa moja. Meli yenye injini moja haiwezi kuegeshwa kando ya njia katikati ya bahari. Ndiyo maana mashirika ya kuainisha meli hutaka filta za oili za injini kuu ziweze kusafishwa bila injini kusimama. Na kiwango cha API 614, kinachofuatwa katika mifumo ya oili ya turbaini na kompresa kubwa za sekta ya mafuta na gesi, kinataka filta mbili zilizounganishwa na vali inayohamisha mtiririko bila kuukata.

Sharti hilo la mwisho linastahili kusomwa polepole. Walioandika kiwango hawakuishia kusema "wekeni filta mbili." Walitaka vali ambayo haikati mtiririko hata kwa kitambo kifupi wakati wa kuhama. Zaidi ya hapo, kiwango hichohicho hakiruhusu filta hizo ziwe na njia ya kujifungua yenyewe na kupitisha oili chafu pale elementi inapoziba. Yaani wahandisi waliobuni mfumo huu walijua kwamba hatari kubwa iko kwenye dakika ile ya kugeuza mpini. Ni sisi, watumiaji, tulioigeuza dakika hiyo kuwa kazi ya mshika spana.

Hatari ya kwanza ni hewa. Elementi ilipobadilishwa mara ya mwisho, kasha lilimwagwa oili, likafunguliwa, likafungwa. Kama halikujazwa tena kwa utaratibu, limebaki na hewa. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi: kasha linalobeba lita 60, na pampu inayosukuma lita 600 kwa dakika, sawa na lita 10 kwa sekunde. Kasha tupu likiingizwa kwenye mstari kwa mkupuo, litameza oili yote ya pampu kwa sekunde sita kabla ya tone moja kufika kwenye beringi. Swichi ya presha ndogo haihitaji sekunde sita. Haihitaji hata moja. Mtambo unajizima.

Wenye imani ya "upande wa pili upo" hujibu hapa kwamba pampu ya akiba itajiwasha. Itajiwasha, ni kweli. Lakini pampu ya akiba iko kabla ya filta, si baada yake, na oili yake itapita kwenye kasha lilelile lililojaa hewa. Itapunguza muda wa upungufu, haitauondoa. Na mtambo kujizima ndiyo bahati yenyewe, maana shafti nzito ya turbaini haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa makumi ya dakika, na muda wote huo inaelea juu ya utando wa oili ndani ya beringi zilizopakwa babiti, metali laini ambayo ile iliyotengenezwa kwa bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 240 za Selsiasi. Utando ukikatika, joto la msuguano hufika huko haraka.

Hatari ya pili haizungumzwi sana, nayo ni ubaridi. Oili inayozunguka kwenye mtambo ina joto la nyuzi 45 au 50. Oili iliyolala kwenye kasha la akiba ina joto la chumba. Kwa oili ya daraja la ISO VG 46, tofauti kati ya nyuzi 40 na nyuzi 20 inatosha kuifanya iwe nzito karibu mara tatu. Usiku wa Mombasa hauleti shida kubwa. Usiku wa Bonde la Ufa, au wa Mbeya mwezi wa Julai, ni jambo jingine: oili nzito inagoma kupenya elementi, tofauti ya presha inapanda ghafla, na kijana wa zamu aliyegeuza mpini ili kuikimbia geji iliyopanda anakuta imepanda zaidi ya mwanzo. Anarudisha mpini haraka. Sasa anacheza na oili ya mtambo unaozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika.

Dawa ya hatari zote mbili imo tayari kwenye kifaa, na ni ndogo kiasi kwamba hupuuzwa. Kati ya makasha mawili kuna kibomba chembamba chenye vali yake, cha kusawazisha presha. Juu ya kila kasha kuna vali ya kutolea hewa, na kwenye mifumo iliyopangwa vizuri bomba lake la kurudisha oili kwenye tangi lina kioo cha kuchungulia. Fundi anayejua kazi hufungua kibomba hicho robo mzunguko, si zaidi, ili kasha lijae taratibu bila kuiba presha ya mtambo. Kisha anasimama mbele ya kioo. Kwanza hakipiti kitu. Halafu linakuja povu jeupe linalokohoa, likikatika na kurudi. Baadaye mapovu yanapungua, yanakuwa machache makubwa, na mwishowe oili inapita ikiwa angavu, mfululizo, rangi ya asali. Bado hagusi mpini. Anaweka mkono kwenye ukuta wa kasha na kusubiri mpaka ukaribiane joto na kasha la jirani. Ndipo anaarifu chumba cha kuongozea mitambo, anahakikisha mtu anatazama presha ya beringi, na anazungusha mpini polepole hadi mwisho, bila kuuacha katikati.

Kazi hiyo huchukua robo saa, wakati mwingine nusu saa. "Geuza, upande wa pili si upo?" huchukua sekunde nne.

Baada ya kugeuza, watu wengi hudhani hatari imepita, kumbe iliyo kubwa kuliko zote ndiyo inakuja. Kasha lililotoka kazini sasa lifunguliwe. Je, limetengwa kweli? Vali ya kuhamisha mtiririko ina sili, na sili huchakaa. Kibomba cha kusawazisha kikisahaulika wazi, kasha linalodhaniwa kulala lina presha kamili ya mtambo. Fundi analegeza bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kifuniko kinanyanyuka chenyewe. Oili inayoruka kwa presha hugeuka ukungu, na ukungu wa oili ukigusa bomba la mvuke au la ekzosi lililovuliwa kizio chake unawaka. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unataka nyuso za mitambo zenye joto linalozidi nyuzi 220 zifunikwe kwa sababu hiyohiyo. Mabomba ya mvuke mkali kwenye vituo vya umeme huweza kuzidi nyuzi 500.

Usiku wa tarehe 18 Novemba 2015, meli ya kitalii ya Kifaransa Le Boréal ilikuwa karibu na visiwa vya Falkland, kusini kabisa mwa Atlantiki. Ofisa wa chumba cha injini alifungua filta ya dizeli kwenye jenereta iliyokuwa ikifanya kazi. Mafuta yaliruka, yakafika penye joto, chumba kikashika moto, meli ikapoteza umeme na nguvu zote za kwenda. Zaidi ya watu 300 waliihama katika bahari chafu ya Novemba ile na kuokolewa kwa msaada wa jeshi la Uingereza lililoko visiwani humo. Ilikuwa dizeli, si oili ya kulainishia, na tofauti hiyo ikubaliwe. Kosa lenyewe, la mtu kufungua kasha lenye presha akiamini kwamba halina, ni lile linalosubiri kwenye kila filta pacha ambayo makasha yake mawili yanafanana kama shilingi na ya pili, bila namba, bila alama ya rangi, na bila geji ya kuonyesha presha ya kila kasha peke yake.

Geji moja ndogo kwenye kila kasha ingemwambia fundi ukweli kabla hajagusa spana. Filta nyingi zina geji ya tofauti ya presha tu, inayosoma presha ya kuingia ikilinganishwa na ya kutoka. Geji hiyo haisemi chochote kuhusu kasha lililolala. Kuongeza geji ya pili si mradi wa mamilioni.

Hiyo geji ya tofauti ya presha nayo imezungukwa na imani yake: ikiwa chini, mambo ni salama, ikipanda, geuza. Nusu ya kwanza ya imani hii ndiyo inayoua beringi. Tofauti ya presha inaweza kuwa ndogo kwa sababu elementi ni safi. Inaweza kuwa ndogo kwa sababu elementi imepasuka. Inaweza kuwa ndogo kwa sababu pete ya mpira ilikunjika wakati wa kufunga na oili inapita pembeni, au kwa sababu, kwenye filta zenye vali ya kujifungua, vali hiyo imekwama wazi. Katika hali zote nne sindano inalala mahali palepale. Elementi ya kawaida huziba kidogokidogo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kisha huelekea mwisho kwa kasi. Kwa hiyo geji iliyokaa miezi mingi bila kusogea hata kidogo katika mazingira ya vumbi inapaswa kumtia mhandisi wasiwasi, na iliyopanda halafu ikashuka yenyewe inapaswa kumfanya aombe kibali cha kufungua siku hiyohiyo. Ni vituo vingapi vinavyochora grafu ya masomo hayo? Vingi huandika kwenye daftari la zamu "sawa", kisha "sawa", kisha "sawa", mpaka ukurasa unajaa.

Na hata elementi isiyopasuka inaweza kuwa si filta. Ofisi ya ununuzi hupewa maneno mawili, "mikroni kumi", na hutafuta bei nafuu. Lakini mikroni kumi ya nani? Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 16889, kinachohesabu chembe zinazoingia na zinazotoka, na uwiano wake huitwa beta. Elementi yenye beta ya 2 kwa mikroni kumi huzuia nusu tu ya chembe za ukubwa huo na kuendelea. Yenye beta ya 200 huzuia asilimia 99.5. Katika chembe milioni moja, ya kwanza inapitisha 500,000 na ya pili inapitisha 5,000. Zote mbili zinaingia kwenye kasha lilelile, zote mbili zinaweza kuuzwa na boksi lililoandikwa mikroni kumi, na kwa macho hazitofautiani. Jicho la binadamu linaishia kwenye mikroni kama 40. Unywele una kama 70. Chembe zinazokwangua beringi ni zile zinazolingana na unene wa utando wa oili, nazo ni ndogo kuliko hapo. Anayeshika oili kwa vidole, akaitazama kwenye mwanga na kutamka kwamba ni safi, hajapima kitu.

Hapo wengine hukimbilia suluhisho la upande wa pili: basi tubadilishe mara kwa mara, kila mwezi, geji ipande isipande. Wazo hili lina sura ya uangalifu, na wakaguzi hulipenda kwa sababu linaacha karatasi nyingi. Lakini kila mara kasha linapofunguliwa, uchafu wa nje unapata mlango, sili inapata nafasi ya kukaa vibaya, na bolti zinapata mzunguko mwingine wa kulegezwa na kukazwa.

Gharama ya mizunguko hiyo iliwahi kulipwa kwa uhai wa watu. Tarehe 12 Machi 2009, helikopta ya aina ya Sikorsky S-92, safari namba 91 ya kampuni ya Cougar, iliondoka St. John's nchini Kanada ikiwapeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini. Giaboksi kuu ilipoteza oili yake yote, helikopta ikaanguka baharini, na kati ya watu 18 waliokuwemo alinusurika mmoja. Bodi ya usalama wa usafiri ya Kanada ilifuatilia chanzo hadi kwenye filta ya oili. Bakuli la filta lilishikiliwa na bolti tatu za titani, na nyuzi za bolti hizo zilikuwa zimeng'atana na kuharibika kwa kufunguliwa na kufungwa wakati wa kubadilisha filta, mpaka mbili kati yake zikakatika angani. Tukio la bolti kukatika namna hiyo lilikuwa limeshatokea Australia mwaka 2008. Mtengenezaji alikuwa ameagiza bolti za titani zibadilishwe ziwekwe za chuma, akatoa muda wa saa 1,250 za kuruka au mwaka mmoja, na muda huo haukuwa umekwisha. Filta yenyewe haikuwa imeziba. Iliyoshindwa ni ile sehemu inayochoshwa na huduma.

Kwa hiyo kubadilisha kwa kalenda peke yake si kinga. Elementi ibadilishwe kwa kufuata tofauti ya presha iliyorekebishwa kwa joto la oili, matokeo ya sampuli ya oili, na kikomo cha muda alichotoa mtengenezaji wa elementi. Kikomo hicho kipo kwa sababu karatasi na gundi huzeeka hata bila uchafu. Ni vitu vitatu vinavyosomwa pamoja. Atakayechagua kimoja na kutupa viwili kwa sababu ni rahisi kukijaza kwenye fomu ajue ameacha kufanya matengenezo.

Kuna dhana nyingine inayotembea pamoja na hizi, kwamba oili mpya kutoka kwenye pipa ni safi, hivyo inaweza kumiminwa kwenye kasha lililofunguliwa ili "kulisaidia kujaa." Usafi wa oili hupimwa kwa namba tatu za ISO 4406, zinazohesabu chembe zinazozidi mikroni 4, 6 na 14 katika mililita moja. Kila namba ikipanda kwa moja, idadi ya juu ya chembe huongezeka maradufu. Mitambo mingi ya turbaini hulenga 18/16/13, yaani kwa namba ya kwanza kati ya chembe 1,300 na 2,500. Oili mpya ya pipa mara nyingi ni 21 kwa namba hiyo, ambayo ni mara nane. Na kama imemiminwa upande wa nyuma ya elementi, ule unaoelekea kwenye beringi, basi hiyo oili chafu haitapita kwenye filta yoyote kabla ya kufika kwenye babiti. Katika kiwanda cha saruji, ambako vumbi la klinka lenye ukali wa msasa limo hewani mchana na usiku, kasha likiachwa wazi huku fundi akienda kutafuta pete ya mpira, vumbi litajiwekea akiba yake humo.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ya kisasa imeshayamaliza haya, kwa sababu injini kubwa za dizeli sasa zina filta zinazojisafisha zenyewe kwa kurudisha oili nyuma. Zinasaidia sana. Lakini filta inayojisafisha hufuatwa kwa kawaida na filta pacha ya ulinzi, iliyowekwa kwa ajili ya siku ambayo hiyo inayojisafisha itashindwa. Kwa kuwa siku hiyo ni nadra, filta hiyo ya ulinzi huguswa kwa nadra zaidi, na mpini wake huganda. Mpini uliokaa miaka bila kuzungushwa haujulikani kama utazunguka, wala kama sili zake zitabaki salama ukilazimishwa kwa bomba la kuongezea nguvu.

Ndiyo sababu jaribio la kuhamisha mtiririko linapaswa kufanywa kwa makusudi, filta zote mbili zikiwa bado safi. Lifanywe mchana, mhandisi akiwepo, chumba cha kuongozea kikiwa kimearifiwa, pampu ya akiba ikiwa imeshawashwa. Presha ya beringi iandikwe kabla, wakati na baada ya kugeuza. Kama ilishuka hata kidogo, sababu itafutwe. Kisha kasha lililolala liachiwe presha yake, na ikiwa presha inarudi kupanda yenyewe, vali inavuja, na kazi ya kufungua kasha hilo mtambo ukiwa unazunguka isiruhusiwe mpaka vali itengenezwe. Ni bora meneja asikie hayo siku ya jaribio.

Elementi iliyotoka nayo isitupwe. Huu ndio ushahidi mtamu kuliko wote kwenye mtambo mzima, na kila siku unaishia kwenye pipa la taka. Ikatwe kwa kisu kikali, si msumeno unaomwaga chembe zake mwenyewe. Mikunjo yake ifunuliwe juu ya meza nyeupe na kuangaliwa kwa kioo cha kukuzia. Vipande bapa vya kijivu vinavyong'aa na kukwaruzika kwa ukucha vinaelekeza kwenye babiti ya beringi. Vya njano huelekeza kwenye shaba au brasi. Chembe zinazonaswa na sumaku zinasema chuma, pengine meno ya gia. Utando wa kahawia unaonata unasema oili imeungua au imezeeka. Mchanga na vumbi vinaelekeza kwenye kipumulio cha tangi. Msaidizi aliyepewa ndoo tu hataona lolote kati ya hayo, na si kosa lake, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha wala kumwambia kwamba macho yake yanahitajika.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni fedha na muda, nayo ijibiwe kwa fedha na muda. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliieleza serikali ya Uingereza kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka kwa kuelewa vizuri msuguano, kuchakaa na ulainishaji. Ernest Rabinowicz wa chuo cha MIT alikadiria baadaye kwamba asilimia 70 ya upotevu wa manufaa ya mashine hutokana na kuharibika kwa nyuso, na sehemu kubwa ya hiyo ni kuchakaa. Kwa upande wa pili wa mizani kuna beringi ambayo Albert Kingsbury aliifunga mwaka 1912 kwenye mtambo wa umeme wa maji wa Holtwood, kwenye mto Susquehanna huko Pennsylvania. Ilibeba uzito wa zaidi ya tani 180 juu ya utando mwembamba wa oili, na mwaka 1987 chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kiliitangaza kuwa alama ya historia ya uhandisi, ikiwa bado inafanya kazi. Utando wa oili ukiwa mzima na safi, nyuso mbili za chuma hazigusani, na kisichogusana hakichakai. Beringi zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache kwa kisingizio kwamba "ndivyo zilivyo" haziamriwi na maumbile.

Basi kinachodaiwa hapa ni kidogo sana ukilinganisha na beringi moja ya turbaini. Namba kubwa zilizopakwa rangi kwenye kila kasha. Geji ya presha kwa kila upande. Kioo cha kuchungulia kwenye bomba la hewa. Elementi inayonunuliwa kwa beta yake, ikiwa imeandikwa kwenye hati ya ununuzi. Fundi aliyefundishwa na kupimwa, mwenye mamlaka ya kusema hapana. Na nusu saa ya kujaza, kutoa hewa, kupasha joto na kuthibitisha kabla ya mpini kuguswa. Nusu saa hiyo iandikwe kwenye mpango wa kazi kama sehemu ya kubadilisha filta, na msimamizi anayetaka kuikata aweke jina na sahihi yake kwenye uamuzi huo, kwenye karatasi ileile, kabla kasha halijafunguliwa.